Alice Hamilton, munganga aliyefuata vumbi mpaka mezani kwa patroni

Mwaka wa 1910 Wabelgiji walikuwa wanapima barabara za kwanza za Élisabethville, mji ambao leo tunaita Lubumbashi. Mwaka huohuo, kule Bruxelles, kulifanyika mkutano wa waganga na wakubwa wa kazi kutoka inchi mbalimbali. Walizungumzia aksida na magonjwa ambayo mfanyakazi anapata kiwandani. Kati yao kulikuwa mwanamke mmoja kutoka Marekani, mwenye miaka 41, jina lake Alice Hamilton.

Wenyeji wa mkutano wakaanza kuwauliza Wamarekani maswali. Inchi yenu iko na sheria gani juu ya viwanda vyenye sumu? Wakaguzi ni wangapi? Mfanyakazi akiharibika mwili, analipwa namna gani? Wamarekani hawakuwa na la kujibu. Mwishoni munganga mmoja Mbelgiji akafunga mazungumzo: kwa maoni yake, usafi wa kazi huko Marekani haupo kabisa. Alice Hamilton alisikia haya, lakini ile haya ilimtuma kazini.

Mwaka uliofuata, 1911, tanuru ya Lubumbashi ilimwaga shaba yake ya kwanza. Wabelgiji waliofundisha wengine kule Bruxelles walikuwa na kazi kubwa hapa pia, kwa kuwa kambi za kwanza za wafanyakazi wa Katanga zilijulikana kwa vifo vingi. Lakini habari hii ni ya huyu mama wa Marekani, juu mambo aliyoyagundua yanagusa kila mtu ambaye leo anashika asidi, unga wa kobalti ao batri ya zamani katika mji huu.

Binti wa nyumba nzuri

Alice Hamilton alizaliwa tarehe 27 Februari 1869 mjini New York, akakomalia Fort Wayne, katika jimbo la Indiana. Jamaa yake ilikuwa na mali na vitabu. Yeye na dada zake walifundishwa nyumbani. Baadaye biashara ya baba ikaanguka, na mabinti wakaelewa kwamba kila mmoja atapaswa kula jasho lake. Alice akachagua uganga, kazi ambayo wakati ule wanawake wachache sana waliifanya.

Alipata diplome ya uganga mwaka wa 1893 kwenye Chuo Kikuu cha Michigan. Kisha akaenda Ujerumani, Leipzig na München, kuongeza masomo ya vijidudu na magonjwa. Walimu walimkubali kwa sharti moja: asijionyeshe sana mbele ya wanafunzi wanaume. Akakaa nyuma, akasikiliza, akaandika.

Mwaka wa 1897 alipata kazi ya kufundisha Chicago. Hapo akahamia Hull House, nyumba iliyoanzishwa na Jane Addams katikati ya kartie ya maskini. Jirani zake walikuwa Waitalia, Wapolandi, Wagiriki, Wayahudi wa Urusi, watu waliofika Marekani bila kujua Kiingereza na wakachukua kazi ambazo wengine walikataa. Alice aliishi pale miaka 22. Mchana alifundisha, jioni alipima watoto wachanga na kuongea na mama zao.

Katika zile nyumba njo alianza kuona jambo. Wanaume wenye miaka 30 tu walikuwa na mikono iliyolegea, hawawezi kuinua kikombe. Wengine walikuwa na maumivu makali ya tumbo, wengine walichanganyikiwa akili. Wake zao walisema ni kazi. Waganga wengi waliandika kwamba ni pombe.

Mwaka wa 1902 homa ya matumbo ililipuka katika ile kartie. Hamilton alichunguza na kusema kwamba inzi ndio wanaoieneza. Watu walimsifu kila mahali. Kisha ikajulikana kwamba maji ya choo yalikuwa yameingia katika mabomba ya maji ya kunywa, na wakubwa wa mji walificha habari hiyo. Tangu siku ile hakukubali tena jibu la kwanza linaloonekana. Alitafuta sumu inatokea wapi.

Kutafuta wagonjwa ambao hakuna aliyewahesabu

Gavana wa Illinois aliunda tume ya kuchunguza magonjwa ya kazi, na mwaka wa 1910 Hamilton akawekwa kuongoza uchunguzi. Yeye mwenyewe alichukua sehemu ya risasi. Si risasi za bunduki, ni ile madini laini na nzito iliyo ndani ya batri za gari. Wakati ule ilitumiwa katika rangi, mabomba, betri, vyombo vya udongo na vitu vingine mingi.

Shida ilikuwa hivi: hakuna kiwanda kilichoandika majina ya wagonjwa wake. Mfanyakazi akilegea alifukuzwa, kesho mwingine alichukua nafasi. Hamilton akatafuta njia nyingine. Akasoma madaftari ya hospitali. Akaongea na wauza dawa, mapadri, watu wa sendika. Akaingia katika nyumba za wafanyakazi na kukaa na wake zao jikoni, kwa kuwa mbele ya kapita mfanyakazi hakuthubutu kusema kitu.

Siku moja alikutana na mgonjwa aliyesema kwamba anapaka enameli kwenye mabafu ya kuogea. Akaenda kuona kile kiwanda. Wakamtembeza vizuri, hakuona hatari hata kidogo. Lakini alikuwa ameonyeshwa sehemu ya mwisho tu, ile ya kurekebisha madoa madogo. Alipoongea na wafanyakazi nje ya kiwanda ndipo alielewa kazi yenyewe ilivyo: bafu la chuma linatoka motoni likiwa jekundu, na mtu analinyunyizia unga wa enameli, na ule unga unaruka hewani mpaka puani mwake. Aliomba wamletee kidogo ya ule unga, ukapimwa. Ndani kulikuwa risasi.

Tume ilipomaliza, Hamilton alikuwa na kesi 578 za ugonjwa wa risasi, na kazi zaidi ya 70 za namna mbalimbali ambazo zinamfikisha mtu kwenye ile sumu. Mwaka wa 1911 jimbo la Illinois likapiga sheria: patroni mwenye kazi za sumu alipaswa kuweka vifaa vya ulinzi, kupimisha wafanyakazi kwa munganga kila mwezi, na kutoa habari ya kila ugonjwa.

Mikono michafu ao hewa chafu?

Katika miaka ile mapatroni walikuwa na maelezo yao. Walisema mfanyakazi anaugua juu ni mchafu: hanawi mikono, anakula mkate na vidole vyenye risasi. Kwa hiyo dawa ni kumfundisha kunawa, na kama anaugua tena, kosa ni lake.

Hamilton hakukataa kunawa mikono. Lakini alihesabu na kuangalia kazi moja moja. Akaona kwamba wanaougua haraka zaidi si wale wenye mikono michafu, ni wale wanaofanya kazi katika vumbi na mvuke. Mtu anaweza kuacha kula kwa saa kumi, lakini hawezi kuacha kupumua. Kama hewa iko na sumu, sabuni haitamwokoa.

Hapa njo penye kiini cha kazi yake yote. Kumfundisha mfanyakazi ni lazima, lakini mafundisho hayawezi kuchukua nafasi ya mashine ya kuvuta vumbi. Kibao ukutani chenye kusema uwe na uangalifu, kilichoandikwa kwa luga ambayo mfanyakazi haisomi, kinamlinda patroni mbele ya mahakama kuliko kumlinda mfanyakazi mbele ya sumu. Hamilton aliona vibao vya namna ile mara mingi, mbele ya Wapolandi na Waserbia wasiojua hata neno moja la Kiingereza.

Sheria peke yake haikutosha, na alijua. Njo maana alizoea kwenda moja kwa moja kwa mwenye kiwanda. Mfano unaojulikana ni ule wa Edward Cornish, mkubwa katika National Lead Company, kampuni kubwa ya risasi. Hamilton alimwambia kwamba wafanyakazi wake wanapata sumu. Cornish alikasirika na hakuamini, lakini akaahidi kwamba akileta ushuhuda atafanya anachoambiwa. Hamilton akazunguka hospitali, akarudi na wagonjwa 22 wenye majina na maelezo ya waganga. Cornish akatimiza neno lake: akaweka mashine za kuvuta vumbi na mvuke, akaweka waganga katika viwanda vyake.

Kwenye kampuni ya Pullman, iliyotengeneza mabehewa ya treni, njia ilikuwa nyingine. Louise Bowen, mama tajiri na rafiki wa Hull House, alikuwa na aksio katika ile kampuni. Akatumia nguvu yake ya mwenye mali kudai mabadiliko. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka wa 1912, wapaka rangi 109 kati ya 489 walikuwa wamepata ugonjwa wa risasi. Baada ya kubadilisha namna ya kazi, mwaka uliofuata kesi zilibaki tatu tu. Wafanyakazi hawakuwa wamegeuka kuwa wasafi kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni hewa.

Moshi wa rangi ya chungwa

Vita ya kwanza ya dunia ilipowaka, viwanda vya baruti vilijaa mashariki ya Marekani. Vilijengwa haraka, vingine kwa siri. Serikali ilimtuma Hamilton kuvichunguza, lakini bila kumpa orodha ya mahali viliko. Yeye akawa anashuka treni na kutafuta mbinguni wingu la rangi ya manjano na chungwa. Lile wingu ni gesi inayotoka pale asidi ya nitriki inapotumika. Tena alitafuta barabarani wanaume wenye ngozi na nywele za manjano, waliopakwa rangi na asidi ya pikriki.

Ile gesi ni hatari ya namna yake. Mtu anaivuta, anakohoa kidogo, kisha anajisikia vizuri. Anamaliza kazi, anarudi nyumbani, anakula. Usiku mapafu yanajaa maji, na mbele ya asubuhi anaweza kufa. Mfanyakazi ambaye hakufundishwa jambo hili hawezi kujua kwamba anapaswa kwenda kwa munganga akingali na nguvu. Katika viwanda alivyotembelea, Hamilton alihesabu kesi zaidi ya 2.400 za sumu, na vifo zaidi ya 50.

Mwanzoni mwa 1919 alifika pia Arizona, inchi ya shaba kama Katanga, kuchunguza wachimbaji waliotumia nyundo za mashine. Alishuka chini ya ardhi kwa ngazi, akiwa na miaka karibu 50, juu alikataa kuandika habari ya kazi ambayo hakuiona kwa macho yake.

Harvard, bila tiketi ya mpira

Mwaka huo wa 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka kufundisha uganga wa viwandani, na hakukuwa mwanaume Marekani aliyejua kazi hiyo kuliko yeye. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu pale. Lakini alipewa masharti: asiingie katika klabu ya walimu, asidai tiketi za mpira, asitembee pamoja na wengine katika sherehe ya kutoa diplome. Akakubali, kwa sharti lake yeye pia: kufundisha nusu ya mwaka tu, ili nusu nyingine aendelee kutembea viwandani. Alikaa pale mpaka 1935 na hakupandishwa cheo hata mara moja.

Mwaka wa 1925 alichapisha kitabu kikubwa juu ya sumu za viwandani, cha kwanza cha namna hiyo Marekani. Mwaka huohuo aliingia katika mapambano mengine. Makampuni ya petroli na magari yalikuwa yameanza kutia risasi katika petroli ili injini ziende vizuri. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa ile dawa, baada ya kuharibika akili, na wengine mingi waliugua. Katika mkutano wa Mei 1925 kule Washington, Hamilton alipinga. Alieleza kwamba hata kiwanda kikilindwa, risasi itatoka katika bomba la moshi la kila gari na kuingia katika vumbi la kila barabara.

Hakusikilizwa. Petroli yenye risasi ikauzwa dunia nzima. Afrika chini ya Sahara iliiacha mwanzoni mwa 2006, na inchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka wa 2021. Ni miaka 96 baada ya lile onyo.

Uzee wa kazi

Baada ya Harvard alihamia Hadlyme, kijiji cha Connecticut, na dada yake. Lakini hakupumzika. Akikaribia miaka 70 alichunguza viwanda vya nguo za viskozi, ambako mvuke wa disulfidi ya kaboni uliharibu mishipa na akili za wafanyakazi. Mwaka wa 1943 akaandika kitabu cha maisha yake.

Alikufa tarehe 22 Septemba 1970, akiwa na miaka 101. Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Desemba, rais wa Marekani alitia sahihi sheria ya inchi nzima ya usalama na afya kazini, iliyounda shirika la wakaguzi la OSHA. Ile inchi iliyoambiwa Bruxelles kwamba haina kitu, ilipata sheria yake baada ya miaka 60. Yeye hakuiona.

Kile ambacho Lubumbashi inaweza kuchukua

Bomba la moshi la Gécamines, lenye urefu wa mita 153, na mlima mweusi wa takataka za tanuru vinaonekana kutoka kila pembe ya komine Lubumbashi. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walichapisha uchunguzi: watu wa Katanga wenye kuishi karibu na machimbo na viwanda walikuwa na kobalti mingi sana katika mkojo, zaidi sana watoto. Februari 2019 kamio ya asidi ya sulfuriki iligongana na basi karibu na kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya kwenda Kolwezi, na karibu watu 20 walikufa. Asidi haikubaki ndani ya ukuta wa kiwanda.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inadai kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeweka usalama kazini kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Karatasi ziko. Namna ya Hamilton inasaidia kujua kama karatasi zinafanya kazi.

Kwanza ni kuondoa sumu mahali inapotokea: kufunika chombo, kuvuta vumbi, kutengeneza bomba linalovuja. Maski inakuja mwisho, kwa kile kilichobaki. Pili ni kufundisha kila mtu kwa luga anayoota nayo. Karatasi ya Kifaransa ao ya Kichina kwenye pipa haimsaidii mtu wa Kiswahili. Tatu ni kufundisha mambo yenyewe, si maneno ya jumla: ile dutu inaitwaje, inaingia mwilini kwa njia gani, na dakika ya kwanza ufanye nini. Asidi inamwagwa polepole ndani ya maji, maji hayamwagwi kamwe ndani ya asidi. Asidi ikigusa ngozi ao jicho, ni kuosha mara moja kwa maji mengi, muda mrefu, na nguo zitoke. Mwenzako akianguka ndani ya tanki, usishuke kumtoa bila hewa yako mwenyewe, kwani hapo njo wanakufa wawili, watatu. Ukivuta gesi ya asidi na kujisikia vizuri, bado uende hospitali. Nguo za kazi zibaki kazini, ili vumbi lisiende kulala na watoto.

Na pale mfanyakazi anapoogopa kuuliza kapita, kuko mlango mwingine ambao Hamilton aliutumia mbele ya yote. Mama wa nyumba ndiye anayefua. Anaweza kuuliza leo jioni, mume wake ao mtoto wake akirudi kazini: ule unga ulio kwenye koti lako, jina lake ni nini?